Nusu ya Mwamba

Nyumba ya Nyevu wa Charo ilianguka mchana kweupe, watu wakiona. Haikuanguka yote. Upande wa chumba cha kulala ulizama kwanza, ukuta ukapasuka kutoka juu hadi chini, kisha udongo, fito na makuti vikajilaza juu ya kitanda ambacho, kwa rehema za Mungu, hakikuwa na mtu. Upande wa jikoni ulibaki vilevile. Sufuria zilikaa kwenye kichanja chake, hata kikombe hakikudondoka. Nyevu alikuwa uani akianua nguo, maana mvua ya masika ilikuwa imenyamaza kidogo, akasimama na shuka mkononi akaitazama nyumba yake ikigawanyika.

Majirani wa Kibarani walikusanyika, na kila mmoja alikuja na lake. Mmoja alisema ni jicho la watu, mwingine akasema ni mipango ya Mungu. Wenye methali walileta ile yao ya kuziba ufa, kana kwamba Nyevu hakuuziba ufa ule kila mwaka kwa udongo mpya na mikono yake mwenyewe. Kila masika mlango wa chumba ulikataa kufunga, na kila kaskazi jua liliwafikia kitandani kupitia kwenye mwanya. Lakini hakuna jirani hata mmoja aliyeuliza kwa nini jiko halikuanguka. Nyevu alijiuliza, na swali hilo ndilo lililoleta maneno yote yaliyofuata.

Mumewe, Gachanja, aliacha pikipiki za watu stejini alikofanyia ufundi, akaja mbio na mikono imejaa oili. Alikuwa mtu wa bara, mpole, asiyependa kelele. Aliishi kwenye ardhi ya baba mkwe wake, na jambo hilo mji haukumsamehe. Kwa Wagiriama mwanamume huoa akampeleka mke kwao, haji yeye kwa kina mke na begi lake. Walimwita mkwe wa kukaa, mbele yake na nyuma yake, naye alizoea kucheka kidogo ili yaishe.

Kabla hata vumbi halijatua, akafika Tsuma, kaka yake Nyevu, mwenye nyumba ya mawe na bati jekundu upande wa pili wa ua wa minyaa. Alizunguka kifusi mara moja, akagusa boriti kwa ncha ya kiatu, akasema pole. Kisha akasema atatoa fito na makuti, na vijana wa kukandika atawatafuta yeye, nyumba irudi kama ilivyokuwa. Watu walimsifu kwa roho nzuri. Gachanja alikwisha kufungua kinywa ashukuru.

"Fito sitaki, kaka," Nyevu alisema. "Safari hii najenga msingi wa mawe."

Nyuma ya choo palikuwa na rundo la mawe ya kuchongwa ya timbo, ambayo Nyevu aliyanunua kidogo kidogo kwa faida ya viazi vya karai, hata yameota ukungu. Kila mtu aliyaona miaka yote hiyo na hakuna aliyeyasema. Sasa yalikuwa yamesemwa.

Asiyeijua pwani yetu atadhani palikuwa na ugomvi wa vifaa vya ujenzi. Sivyo. Nyumba ya udongo huku ni salamu tu: umekuja, umekaa, siku yoyote unaweza kuambiwa kwaheri. Jiwe huingia ardhini na husema mimi hapa sitoki. Ndiyo maana wenye mashamba makubwa huwaruhusu watu kujenga kwa udongo na makuti hata vizazi vitatu, ila wakiona mtaro wa msingi unachimbwa huja na askari. Tsuma hakuwa na shamba kubwa. Alikuwa na dada tu, lakini ujanja ule alikwisha kuusoma.

"Jiwe ni la mwana wa kiume," alimjibu. "Wewe una kwenu kwingine, kwa mumeo. Mwambie akujengee mawe huko kwao."

Gachanja alicheka kidogo, kama desturi yake. Nyevu alimwona akicheka, na kilichomuuma zaidi siku ile hakikuwa nyumba.

*

Kipande chenyewe kilikuwa chembamba, katikati ya nyua mbili za minyaa, kikianzia barabarani na kuteremka hadi bondeni ambako maji ya mvua hutuama. Mzee Charo, baba yao, aliipanda minyaa ile kwa mkono wake na kumwambia binti yake: hapa ni pako. Aliyasema hayo mbele ya watu, akafa bila kuandika. Tsuma hakukana kwamba baba alisema. Alikana kwamba baba alisema yote. Kwa maelezo yake, marehemu alimaanisha kule chini, kwenye madimbwi na vyura. Kule juu, barabarani, Tsuma alikuwa amekwisha kumwahidi mfanyabiashara mmoja kumkodisha aweke duka la simiti na misumari.

Nyevu alimwita fundi. Odera alikuwa mwashi wa kujivuna, mwenye futi ya kukunja mfuko wa nyuma na simu mbili, na hakuna nyumba Kibarani ambayo hakudai aliinyoosha yeye. Alitazama kiwanja kutoka barabarani bila hata kushuka, akasema kazi ni ndogo. Wachimbe mtaro, wamwage zege chini, wapange mawe, wafike usawa wa sakafu, basi. Ndivyo nyumba zote zinavyojengwa.

Nyevu alimuuliza kama hakuna msingi wa namna nyingine. Odera alimtazama kama mwalimu aliyeulizwa swali na mzazi. Alisema zipo: kuna ule wa mtaro unaofuata kuta, kuna wa nguzo ambao nyumba husimama kwa miguu, na kuna wa slabu nzima, zege na vyuma chini ya nyumba yote. Lakini hiyo mingine, alisema, ni ya watu wa hoteli.

"Na anayechagua ni nani?" Nyevu alimuuliza. "Mwenye hoteli au udongo?"

"Udongo, mama."

"Basi chimba kwanza tuuone. Jiko langu limesimama na chumba kimeanguka. Nyumba moja, mvua moja. Nataka kujua sababu."

Odera alinung'unika kwamba kuchimba mashimo ya kutazamia tu ni kupoteza siku, ila alichimbisha. Karibu na jiko, sururu ya kibarua iligonga mwamba kabla shimo halijafika magotini. Huko barabarani ilikuwa hivyohivyo, mwamba wa matumbawe, mweupe, unaowasha macho. Lakini penye kifusi cha chumba shimo lilishuka, likashuka, hadi kibarua akaonekana kifua tu, na lilichotoa ni udongo mweusi unaonata kwenye koleo. Nyevu alichukua bonge akaliweka juani. Jioni lilikuwa limepasuka vipande. Alilimwagia maji, likavimba. Akaelewa mlango wake ulikuwa ukimwambia nini miaka yote ile.

Odera naye aliacha majivuno kidogo. Alieleza kwamba udongo ule hunywa maji ukanyanyuka, kisha hukauka ukashuka, na nyumba iliyo juu yake hunyanyuka na kushuka nao. Mwamba hauendi popote. Kibaya zaidi ni kukanyaga vyote viwili.

"Mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine juu ya uji," alisema. "Hata ukijenga kwa mawe, mama, itapasuka palepale. Itakuwa ghali tu kuliko ya kwanza."

Nyevu alitaka kujua basi afanye nini. Fundi alisema achague upande. Akitaka kule chini, ni slabu nzima yenye vyuma vingi, ikae juu ya udongo kama sinia, na hata hivyo maji yanayotuama pale yeye hayaamini. Akitaka juu, mwambani, mtaro mfupi tu unatosha, na mawe aliyo nayo yanafika. Asiyejua kuchagua hapo ni nani? Nyevu alichagua juu. Na juu ndiko lilikokusudiwa duka la misumari la Tsuma.

*

Aliyeitwa kuamua ni baba mdogo Pola, ndugu wa mwisho wa marehemu, na aliyetumwa kwenda kumchukua kwa pikipiki ni Gachanja, kwa sababu mkwe ndiye wa kutumwa. Mzee alikuja na fimbo, koti na heshima yake yote. Alipewa kiti chenye mto. Nyevu alimpigia magoti, "Shikamoo, baba mdogo," naye akaitika marahaba bila haraka, kwa kuwa siku kama zile zilikuwa zimeanza kuadimika maishani mwake.

Alisikiliza pande zote mbili. Tsuma alisema mengi kuhusu ukoo na jina la baba. Nyevu alisema machache kuhusu mwamba na udongo mweusi, na hakuna aliyemfuatilia, maana watu walidhani anazunguka tu. Kisha mzee akaomba kamba. Alipima kule kwenye mwamba, kutoka barabarani hadi jikoni, akaikunja kamba katikati, akachomeka kijiti. Nusu ya barabarani iwe ya Tsuma na duka lake. Nusu ya jikoni iwe ya Nyevu, pamoja na bonde lote. Msingi wa mawe aruhusiwe. Kila mtu amepata, kila mtu amepoteza, alisema, na ndiyo haki ya ndugu.

Watu waliguna kwa kuridhika. Hata mimi nisiyempenda Tsuma lazima niseme ilikuwa hukumu nzuri ya kusikiliza. Gachanja alisimama akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. Linet, mke wa Tsuma, alikuwa amekwisha kuleta chai.

Nyevu hakupeana mkono na mtu. Alikuwa anakitazama kijiti. Nyumba ya vyumba vitatu haikuweza kuenea kwenye nusu ile ya mwamba. Ingeanzia kijitini na kuishia kwenye udongo mweusi, palepale ilipoangukia ya kwanza. Walikuwa wameipatanisha familia juu ya ufa.

"Baba mdogo," alisema, "mpaka huu utanivunjia nyumba."

Linet alishika mdomo. Mzee Pola aliweka kikombe chini kabla hajakionja.

"Unaniapiza, mwanangu? Nimekupa, kisha unaniapiza?"

Nyevu alijaribu kueleza kwamba si maapizo, ni habari ya udongo. Lakini neno lilikwisha kutoka, na katika mji ule mtu hatamki kuvunjika kwa nyumba mbele ya mzee aliyetoka kuigawia mahali. Tsuma hakuhitaji kusema kitu. Alikunja mikono tu. Mzee alisimama, akasema mkataa pema pabaya panamwita, akaomba arudishwe kwake. Gachanja aliwasha pikipiki huku akiwaomba radhi watu wote mmoja mmoja, Tsuma na Linet wakiwamo. Alimwombea mkewe msamaha kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

*

Walikuwa wakilala jikoni wote wanne, wao na watoto wao wawili, kwenye godoro la kuazima. Asubuhi, watoto walipokwenda shule, Gachanja alisema lililomkaa. Alisema nusu shari kuliko shari kamili. Wamepewa ruhusa ya mawe, na hilo hakuna mwanamke aliyewahi kupewa pale. Wajenge, na ikipasuka wataziba. Kama hataki, basi wakapange chumba mjini, waachane na mwamba wa watu.

"Mwamba wa watu gani?" Nyevu aliuliza.

"Wewe hujui ninavyoitwa hapa."

"Najua. Na nakuona unavyocheka. Unapocheka wewe, wananicheka mimi mara mbili."

Gachanja aliinuka godoroni. Alikuwa na aibu, na aibu ile ilimkasirisha. Alisema yeye hakuja kugombea udongo na mtu, alikuja kwa sababu yake yeye Nyevu, na kama hilo halitoshi basi hajui la kutoa tena. Alivaa shati la kazi akaondoka bila kunywa chai. Hayakuwa maneno mabaya, na pengine ndiyo maana Nyevu alilia.

Alikuwa bado anafuta macho Linet alipotokea mlangoni. Wifi alisalimia vizuri, akauliza hali ya watoto, kisha akasema kwamba lile godoro alilowaazima analihitaji, amepata wageni. Mgeni mwenyewe hakuonekana siku ile wala siku iliyofuata. Nyevu alilikunja, akalipangusa vumbi, akamtwisha mwenyewe kichwani.

Jiko lilipobaki tupu ndipo alipoliona. Alikuwa ameingia na kutoka mle tangu nyumba ijengwe na hakuwahi kulitazama. Lilikuwa dogo, la udongo uleule, fito zilezile, lakini kuta zake hazikuwa na hata mstari. Pembe zake zilikuwa zimenyooka. Lilikaa lote juu ya mwamba, na kwa kuwa lilikuwa dogo halikudai mahali pengine popote. Nyevu alivua leso yake ya kiunoni, akatoka nje, akapima kuanzia kwenye kijiti cha mzee Pola hadi mwisho wa mwamba, akiitandaza na kuisogeza, akiitandaza na kuisogeza. Kisha akapima upana kati ya minyaa na minyaa. Alirudia mara ya pili kwa sababu hakuiamini furaha yake.

Alimkuta Odera kwenye nyumba ya mtu mwingine, juu ya ngazi.

"Fundi, mwamba ule unaweza kubeba nini?"

"Ukiwa mzima? Unabeba unachotaka. Hata ghorofa."

Alisema hivyo kwa maringo yake ya kawaida, mwiko mkononi. Nyevu alimwambia ashuke.

"Basi ni ghorofa. Chini sebule na jiko, juu vyumba vya kulala. Yote ndani ya nusu yangu. Kule kwenye udongo mweusi sigusi hata kwa kidole."

Odera alicheka. Alipoona yeye peke yake ndiye anayecheka, akashuka.

*

Gachanja alipoambiwa alitoka akakitazama kijiti na mwamba. Halafu akauliza ngazi itakuwa ndani au nje. Nyevu akajua amemrudisha.

Ila fundi alikuwa na sharti, na hapo nampa haki yake. Alisema mwamba wa matumbawe ni mwongo, juu mgumu na chini unaweza kuwa na pango. Kabla ya kusimamisha nguzo juu yake lazima waugonge wote. Wakaondoa udongo wa juu kuzunguka jiko, wakaufagia mwamba hata ukang'aa, kisha kibarua akapita na mtaimbo akiudunda hatua kwa hatua, Odera akiwa ameinama anasikiliza, Nyevu naye ameinama upande wa pili. Ulilia kikavu, sauti moja, hadi walipofika pembe ya karibu na ua wa Tsuma. Pale ulilia kama ngoma.

Walipavunja. Chini palikuwa na shimo ambalo mbuzi angelala. Tsuma alikuwa akitazama juu ya minyaa, akauliza kwa sauti ya huruma kama huo ndio mwamba waliougombania. Nyevu aliagiza mawe yaletwe. Walilishindilia mawe na zege hata likajaa, na faida ya viazi ya mwezi mzima ikaenda mle shimoni. Siku mtaimbo ulipodunda pale tena ukalia kikavu, Odera alipanga kuchimba matundu ya vyuma vya nguzo. Lakini vibarua, vijana wa mji ule, walikataa kuendelea. Kufagia na kuziba ni kitu kimoja, walisema. Msingi wenyewe haujafunguliwa.

Hilo Nyevu alilijua, na alikuwa akilingoja. Kwao msingi hufunguliwa na mzee wa upande wa baba. Yeye ndiye hupiga jembe la kwanza, akamwaga maji, akaita jina la marehemu. Msingi usiofunguliwa hakuna kijana atakayeutia mkono, na uliofunguliwa hakuna wa kuufunga, hata aliyeufungua. Tsuma naye alilijua, ndiyo maana alitazama kazi yote ya kufagia bila kupandisha sauti. Aliamini mzee Pola hataweka tena mguu pale.

Nyevu alikwenda kwa mzee na jogoo, mumewe akiwa nyuma yake. Alipiga magoti, akaomba radhi kwa neno lililomtoka. Alisema mpaka wa baba mdogo ameukubali kama ulivyo, hatauvuka hata kwa unyayo. Anaomba tu aje amfungulie.

"Na nyumba itavunjika?" mzee aliuliza. Kumbe neno lile lilikuwa limemnyima usingizi.

"Haitavunjika, baba mdogo. Nimeipunguza ikaenea kwenye ulichonipa."

Lilikuwa jibu la kweli. Mzee alimtazama, akamtazama jogoo, akasema kesho.

Alikuja amevaa koti lilelile. Alipiga jembe juu ya mwamba, likaruka na kumtetemesha mabega, akacheka. Akamwaga maji kutoka kwenye kibuyu, akamwita Charo kwa jina lake na kumwambia mwanawe anakaa. Mwanawe, alisema. Tsuma alisikia kutoka kwake, na watu wote walisikia.

*

Zilipita siku chache kabla vyuma havijasimama. Vilipandwa ndani ya mwamba kwenye pembe zote na katikati, vikamwagiwa zege, vikainuka juu ya vichwa vya vibarua na kuendelea. Tsuma alivihesabu kwa macho, akatazama juu vilikoishia, akatazama bati lake jekundu. Alikuja akitembea haraka.

"Hivi virefu hivi ni vya nini?"

Odera, ambaye hajawahi kukosa nafasi ya kujisifu, alimwambia ni vya juu, kwenye vyumba vya kulala.

Tsuma alimgeukia Gachanja, aliyekuwa akichanganya kokoto. Alimwambia, mbele ya vibarua, "Shemeji, mwambie mkeo aache utoto. Ghorofa juu ya kichwa changu, mimi mwana wa kwanza?"

Gachanja alichomeka koleo kwenye kokoto. Hakucheka.

"Mke wangu yuko kwao," alisema. "Mwambie wewe."

Akaendelea na kazi. Nyevu, aliyekuwa akipitisha ndoo ya maji, alilazimika kuiweka chini.

Mzee Pola alifuatwa, safari hii na Tsuma mwenyewe. Alifika hana hata koti. Tsuma alimwonyesha vyuma, akasema wamedanganywa wote wawili, akataka mzee aseme msingi usimame hapo hapo. Watu walijaa barabarani. Mzee alikwenda kwenye kijiti chake, akakikuta bado kimechomekwa palepale. Alitembea juu ya mwamba kuuzunguka msingi wote, akitazama kama kuna jiwe lililovuka. Halikuwapo.

"Nyevu, ulinificha jambo," alisema.

"Ulinipa nusu, baba mdogo, nikaichukua nusu. Ulipima ardhi. Juu hukupima."

Kuna aliyecheka kwenye umati, akanyamazishwa. Uso wa mzee ulikuwa umekaza. Alikuwa amechezewa na alilijua hilo, na kwa muda Nyevu aliogopa kweli, maana mzee akikataa vijana wangeweka majembe chini na mawe yangerudi nyuma ya choo. Hakuinamisha kichwa. Aliwaza kwamba akiinama sasa hatainuka tena katika mji ule.

Mzee aligonga mwamba kwa fimbo yake. Ukalia kikavu. Akagonga ile pembe ya pango, nayo ikalia vilevile.

"Tsuma," alisema, "mimi nilimwaga maji hapa. Unataka nije kuyazoa?"

Tsuma alianza kusema habari ya mwana wa kwanza. Mzee alimkata. Alimkumbusha kwamba yeye naye alifunguliwa msingi, na aliyemfungulia ni Charo, na Charo huyohuyo ndiye aliyeipanda minyaa ile. Kisha akaomba chai. Aliyoiletewa ilitoka jikoni kwa Nyevu, akainywa yote, akaomba nyingine.

*

Ghorofa yenyewe haijaisha. Pesa zilikwisha kwenye slabu ya juu, na mpaka leo familia inalala chini, kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia. Vyuma vimechomoza juu ya slabu na vinashika kutu. Duka la misumari lilifunguliwa, na Nyevu hununua simiti pale, mfuko kwa mfuko, kwa mpangaji wa kaka yake. Tsuma husema ghorofa ya dada yake imeota mabua. Anaposema hivyo humbidi anyanyue uso.

Kule bondeni Nyevu alipanda migomba, nayo inaupenda udongo ule mweusi kuliko mtu yeyote alivyowahi kuupenda.

Masika ya kwanza yalipofika mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Maji yakajaa bondeni, udongo ukavimba, ukuta wa Tsuma ukapata mstari mwembamba ambao Linet aliusiliba upesi kabla watu hawajauona. Watoto wa Nyevu walilala. Gachanja alikuwa ameshika kikombe cha chai, anamtazama mkewe akielekea mlangoni, ule mlango wa zamani wa chumba waliouokoa kwenye kifusi na kuutia fremu mpya. Aliusukuma kwa vidole viwili. Ukafunga. Akaufungua, akausikiliza, akaufunga tena, mara hii kwa nguvu zake zote, ili hata wa upande wa pili wa minyaa wausikie.